Diski ya Kuamshia

Kopo lilikuwa tupu.

Tamar alilipindua, akaligonga kitako, akaingiza mkono hadi chini, ingawa kopo la kakao si shimo la kupotelea diski. Kilichotoka ni mfuko wa nailoni ambao yeye mwenyewe aliifungia diski ndani yake Ijumaa. Ulikuwa umekunjwa vizuri, kwa adabu kabisa. Hilo ndilo lililomkata maini zaidi. Mwizi hakunji nailoni.

"Kuna tatizo, mwalimu?" aliuliza Bi Sarah.

"Hapana," alisema Tamar. "Hamna neno."

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, na alikuwa akijichukia kwa ajili yake. Nyumba ingeweza kuwaka moto naye angesema hamna neno, kwa sauti ile ile ndogo, ili asimsumbue mwenye nyumba.

Bi Sarah alikuwa msimamizi wa mtihani. Alifika jana kutoka Mombasa, akalala Garsen, na leo alitaka kuondoka na basi linalotoka Lamu kwenda Malindi. Basi hilo lilitembea kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi wa njiani, na msafara haumsubiri mtu. Alikuwa ameketi karibu na dirisha la darasa pekee la kituo cha mafunzo, kikombe cha chai mkononi, saa yake ameivua na kuilaza mezani ili aione vizuri. Tamar naye aliiona vizuri.

Mbele ya kompyuta aliketi Sora, mtahiniwa. Alikuwa amejitanda leso mpya, mikono ameilaza magotini kama mtu anayesubiri kupakwa hina. Mwaka uliopita mvua za El Nino ziliufurisha Mto Tana hadi malisho yakageuka ziwa, kisha maradhi yakaja nyuma ya maji, na babake Sora, ambaye zamani ng'ombe wake wakitoka zizini vumbi lilionekana kutoka barabarani, akabaki na wachache wasiotosha hata kuwanywesha maziwa wajukuu. Sora ndiye aliyeamua kuja mjini kujifunza kupiga chapa. Zahanati iliyo karibu na njia panda ilikuwa inatafuta karani, na daktari alimwambia wazi: leta cheti cha kompyuta, kazi ni yako, lakini siwezi kusubiri mtihani wa mwaka ujao. Mtihani ulikuwa leo. Mwingine ulikuwa mwaka ujao.

Na kompyuta haikuamka bila ile diski.

Ilikuwa kompyuta ya msaada, nzito, rangi yake kama meno ya mvuta tumbaku. Wakati wa mafuriko walipokuwa wakiihamisha kwa trekta iliangushwa, na diski kubwa ya ndani ikafa papo hapo. Tangu siku hiyo ilibaki na mlango mmoja tu, ule mwembamba wa kuingizia diski ndogo. Tamar aliwaeleza wanafunzi wake jambo hilo siku ya kwanza, na ndilo somo pekee ambalo sauti yake haikutetemeka.

"Kompyuta ikipata umeme haijui kitu," aliwaambia. "Haijui kuandika barua, haijui kujumlisha. Ina programu moja ndogo sana iliyochomwa kwenye chipu huko huko kiwandani. Hiyo hujipapasa kwanza, inahesabu kumbukumbu yake, kisha inakwenda kwenye diski kutafuta programu kubwa ya kuiamsha. Haipekui diski nzima. Inapiga hodi mlangoni tu, pale mwanzo kabisa. Ikikuta mtu mlangoni, inamwachia kazi yote, yenyewe inakaa kando. Isipokuta mtu, inakuambia lete diski nyingine."

"Na kama hakuna nyingine?" Sora aliuliza siku ile.

"Basi itakaa hapo hapo mpaka kiama."

Wanafunzi walicheka. Leo hakuna aliyecheka.

"Mwalimu Tamar! Usihangaike!" Mkuu wa kituo, Bwana Isaac, aliingia na harufu ya mafuta ya jenereta, uso wake unang'aa kwa furaha ya mtu ambaye siku yake imefika. Alitia mkono kwenye mfuko wa suti yake ya Kaunda akatoa diski yenye karatasi nyekundu iliyoandikwa kwa herufi kubwa: YA AKIBA. "Nilisema nini mimi? Nilisema siku moja mtanishukuru."

Tamar aliitazama ile diski. Bwana Isaac aliitengeneza mwenyewe baada ya Pasaka, akakataa kusaidiwa. Tamar alimwuliza kama ameijaribu. "Nimenakili kila kitu, mwalimu, faili kwa faili," alijibu, na Tamar akanyamaza. Kuijaribu mbele yake kulionekana kama kunusa chakula ulichopikiwa na mwenyeji wako. Kisha siku zikapita, na diski ya akiba ikabaki mfukoni mwa mkubwa.

"Ingiza, ingiza," alisema Bwana Isaac.

Tamar aliingiza. Akawasha. Feni ilivuma, tarakimu za kumbukumbu zikapanda kwenye kioo, taa ndogo ya mlangoni ikawaka, mashine ikakoroma mara moja. Kisha maandishi ya Kiingereza yakatokea, meupe, bila haya: hii si diski ya kuamshia, badilisha, kisha bonyeza kitufe chochote.

Bwana Isaac alibonyeza kitufe. Maandishi yakarudi. Akabonyeza kingine. Yakarudi.

"Imesema chochote," alinong'ona Tamar.

"Si nabonyeza chochote!" Sasa alikuwa anapita na vidole kwenye kibodi nzima kama mtu anayechagua mchele. "Hii mashine ni jeuri. Faili zote zimo humo! Nimezihesabu!"

"Zimo, Bwana Isaac. Zimo ndani. Lakini mlangoni hakuna mtu. Ukinakili faili, pale mwanzo pa diski hapanakiliwi. Pana amri yake."

"Kwa hiyo kazi yangu yote ile..."

"Ni kazi nzuri," alisema Tamar upesi, na akatamani kujifinya.

Bi Sarah alipindua kikombe chake kuona kama kimebaki kitu. Sora alikuwa anakitazama kioo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona mambo yakienda na maji, na utulivu huo ulimwumiza Tamar kuliko kilio.

Akatoka nje.

Mlinzi wa kituo, Mzee Jatani, alikuwa kivulini mwa ukuta na mswaki mdomoni. Tamar alikwenda kijijini kwao, Wema, kila mwisho wa wiki, na ufunguo wa kabati alimwachia yeye, kwa sababu hakukuwa na mtu mwaminifu kama Jatani kutoka Garsen hadi baharini. Haukuwahi kupotea hata msumari.

"Mzee Jatani, diski iliyokuwa kwenye kopo iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi?"

"Kwa Mukhtar."

Tamar alishika ukuta. "Nilikuambia mtu asiichukue!"

"Wewe ulisema mtu asiibe." Jatani alitoa mswaki mdomoni ili aeleze vizuri. "Mukhtar hakuiba. Aliomba."

"Na wewe ukampa?"

"Kompyuta yake imekauka, mwalimu. Haitoi kitu. Yeye anakuja hapa Ijumaa jioni, anasema, Jatani, yangu imekauka, yenu inatoa, niazime nikamue kidogo. Sasa mimi nimwambie nini?"

"Ungemwambia hapana!"

Jatani alimtazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mtoto aliyetamka tusi bila kujua maana yake. Miongoni mwa Waorma, jirani ambaye ng'ombe wake wamekauka hapewi pole, hupewa ng'ombe. Anamkamua, maziwa ni yake, ng'ombe na ndama wake hubaki kuwa wa mwenyewe. Tamar alilijua hilo, kila mtu Garsen alilijua, hasa kwa kuwa Jatani mwenyewe alilisimulia bila kuchoka: jinsi mafuriko yalivyowamaliza ng'ombe wa zizini mwake, na jinsi wale aliowaazimisha kwa watu wa mbali walivyopona, mmoja huku, mmoja kule, hadi leo ana maziwa ya chai. Tamar alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuisimulia yeye. Lakini ile ni diski! Haina maziwa, haina chuchu, na ilikuwa moja!

Hayo yote aliyasema moyoni. Mdomoni yalitoka haya: "Ungeniuliza tu, baba."

"Wewe hukuwepo," alisema Jatani, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Duka la Mukhtar lilikuwa penye kituo cha mabasi. Aliuza tiketi za Lamu na Malindi, soda, betri na mahindi, na kwenye kona ya nyuma alikuwa na kompyuta ya kuwachapia watu barua. Tamar alifika huko anahema, viatu vimejaa vumbi.

"Karibu, mwalimu wetu! Soda?"

"Diski, Mukhtar. Diski ya kituo."

"Ile? Iko hapa, mbele ya macho ya watu wote. Mimi kitu cha amana sikiweki uvunguni." Akaonyesha kwa kidevu.

Diski ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa kabati la chuma, juu kabisa, mahali pa heshima. Iliyoishikilia pale ilikuwa sumaku nene ya duara, ya spika ya redio ya zamani.

Tamar aliisogelea ile sumaku.

"Nzuri, eeh? Haianguki hata upepo ukija."

"Tangu lini?" aliuliza, kwa sauti ambayo ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Tangu jana, nilipomaliza kazi."

Jenereta ya Mukhtar ilikuwa inanguruma kwa ajili ya friji ya soda, kwa hiyo Tamar aliing'oa diski chini ya sumaku akaiingiza kwenye kompyuta ya kona. Tarakimu zikapanda. Taa ikawaka. Mashine ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kama mtu anayetafuta funguo gizani na kujua moyoni kwamba hazipo. Kisha maandishi yale yale. Badilisha. Kitufe chochote.

"Ajabu!" alisema Mukhtar. "Jana iliamka vizuri."

"Jana ilikuwa haijalala na sumaku."

"Sumaku inadhuru?"

"Yaliyomo humo yameandikwa kwa sumaku, Mukhtar. Umeyafuta."

Mukhtar aliketi kwenye gunia la mahindi. Hakuwa mtu mbaya. Mtoto wa ndugu yake ndiye aliyefuta faili za kuamshia kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya mchezo wa magari, na tangu siku hiyo mashine ilikuwa kama ng'ombe mkavu kweli. "Wallahi sikujua," alisema. "Labda pia ni Enos aliyeiharibu. Alikaa nayo Jumamosi nzima."

"Enos gani?"

"Enos wa mradi wa mpunga. Yake ilikuwa na kirusi, haiwaki. Akaja akaniomba."

"Na wewe ukampa."

"Aliomba, mwalimu!"

Tamar alijiegemeza kwenye friji. Kwa hiyo Garsen nzima ilikuwa imepanga foleni na vibuyu, kila mtu anaikamua diski ya kituo, na wa mwisho ndiye aliyemchinja ng'ombe. Machozi yalimjia, ya hasira hasa, akayafuta kwa ncha ya kitambaa. Ndipo wazo likamjia pamoja na machozi. Enos alikuwa amesomea kompyuta Malindi. Ikiwa alikaa na diski Jumamosi nzima, basi huenda kompyuta yake sasa imepona. Na kompyuta iliyo hai inaweza kuandika programu ya kuamshia kwenye diski nyingine, pale pale mlangoni panapotakiwa.

"Nipe diski tupu," alimwambia Mukhtar.

Hakusema tafadhali. Mukhtar alimpa haraka kama aliyeombwa na askari.

Ofisi ya mradi wa mpunga ilikuwa imefungwa. Mama aliyekuwa anafagia mbele yake alisema Enos ameshika trekta ya kwenda Chara, inapakia magunia ya mbegu penye soko la mifugo, kama haijaondoka.

Ilikuwa inaondoka. Tamar aliiona ng'ambo ya soko, moshi mweusi unapanda, na Enos juu ya magunia akiwa na mkoba begani. Kati yake na trekta kulikuwa na ng'ombe. Si ng'ombe wachache. Ilikuwa siku ya soko, na pembe zilijaa kutoka ukingo hadi ukingo, na wanaume na fimbo zao, wanabishana bei kwa kushikana vidole chini ya nguo. Hakuna mwanamke aliyepita katikati pale. Hakuna mwanamke aliyepiga kelele pale pia, achilia mbali Tamar, ambaye kanisani Wema aliimba sauti ya pili kwa kufungua mdomo tu.

Trekta ilianza kusogea. Alimwona Sora na mikono yake magotini.

"ENOS!"

Soko zima liligeuka.

"Enos! Simama! Enos!"

"Amekuacha huyo?" aliuliza mzee mmoja kwa furaha.

"Mshikeni, mshikeni, anakimbia mahari!"

"Wewe wa trekta! Mkeo amekuja!"

Uso wa Tamar uliwaka moto, lakini miluzi ilikuwa imekwisha kuanza, na vijana wawili kwa uchokozi tu waliwaswaga ng'ombe zao mbele ya trekta. Dereva akafunga breki na kutukana. Enos aliruka chini, akaja akipenya kati ya mbavu za ng'ombe, anacheka na kushangaa.

"Dada Tamar? Ni wewe kweli unayepiga kelele hivyo?"

Hapo ndipo kila kitu kilipomwagika. "Ni mimi! Ni mimi, na nimechoka! Mnachukua diski ya watu, mnaipokezana mji mzima kama ugoro, huyu anakamua, yule anabandika ukutani, hakuna hata mmoja anayeuliza mwenyewe yuko wapi, na kule mtoto wa watu ameketi mbele ya kompyuta mfu, msimamizi anatazama saa, Bwana Isaac anabonyeza vitufe, basi linakuja, nami nasema hamna neno, hamna neno, na neno lipo! Lipo!"

"Lipo," alikubali yule mzee mchokozi, aliyekuwa amesogea asikie vizuri.

Enos hakucheka tena. Alifungua mkoba wake, akatoa bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha mlikuwa na diski. "Nilipoazima yenu niliona haina mwenzake," alisema. "Nikasema hiki kitu kikifa, kituo kimefungwa. Yangu ilipopona nikatengeneza nyingine. Hii ni yako."

"Ni yangu tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Jana kanisani nilikuita nikupe, ukapita mlango wa pembeni. Nikakukimbilia hadi nje. Unakumbuka uliniambia nini?"

Tamar alikumbuka. Alitamani ng'ombe mmoja amkanyage.

"Uliniambia hamna neno," alisema Enos, "ukaondoka."

Wanaume walicheka. Tamar aliichukua bahasha, akapiga hatua, kisha akarudi.

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

"Kwa macho yako? Ikawaka?"

"Kwa macho yangu mawili, dada. Ikawaka."

Aliporudi kituoni alikuwa na samadi hadi kwenye pindo la sketi. Bwana Isaac alikuwa bado kwenye kibodi. Bi Sarah alikuwa amekwisha kuvaa saa yake, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kuitazama.

"Mwalimu, ningependa sana kusaidia," alianza, "lakini utaratibu unasema..."

"Samahani, Bwana Isaac, nipishe," alisema Tamar, na Bwana Isaac, kwa mshangao, akampisha.

Akaingiza diski. Akawasha. Feni. Tarakimu. Taa ndogo. Ukimya mrefu wa kupiga hodi. Kisha mashine ikakoroma kwa ndani, ikakoroma tena na tena, mkoromo wa kazi, na kwenye kioo ikatokea herufi moja na alama yake, na kistari kinachopepesa macho, kikingoja kuambiwa la kufanya.

Sora alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Tamar alitoa diski ya kuamshia, akaingiza ya programu ya kuandikia, akarudi nyuma. Bi Sarah alifungua bahasha ya mtihani, na vidole vya Sora vikaanza.

Alikuwa katikati ya jedwali, sehemu ngumu, honi ya basi ilipolia penye njia panda. Ililia ndefu, honi ya watu wenye askari. Mabega ya Sora yalipanda hadi masikioni. Bi Sarah alinyanyuka nusu.

Tamar alitoka mlangoni. Jatani alikuwa amesimama, anatazama vumbi la msafara kwa raha.

"Mzee Jatani. Nenda kwa Mukhtar. Mwambie ng'ombe niliyemwazimisha amefia mikononi mwake."

Jatani aliganda. Furaha yote ilimtoka usoni. "Amekufa?"

"Amekufa. Mukhtar mwenyewe anajua. Mwambie sitaki fidia. Nataka basi lisiondoke mpaka Bi Sarah apande."

Tamar hakuwahi kumwona mzee yule akikimbia kabla ya siku ile, wala hakumwona akikimbia tena. Yaliyotokea kwenye kituo cha mabasi aliyasikia kwa watu. Mukhtar, kwa aibu ya kumwua mnyama wa amana, alitoa soda zote za friji akawapelekea askari wa msafara. Kisha kitabu chake cha tiketi kikapotea, dereva akakitafuta pamoja naye chini ya magunia. Na kilipopatikana, ilionekana kwamba Mukhtar alikuwa amekikalia.

Sora alimaliza. Hakunyanyua kichwa. Alisoma barua yake tena kutoka juu, akarekebisha nukta moja, ndipo akaondoa mikono. Bi Sarah aliinama kwenye kioo, akasoma kwa muda, akaihifadhi kazi kwenye diski yake ya mtihani, akaifunga kwa lakiri.

"Rasmi sijasema kitu," alisema, akichukua mkoba wake. "Lakini mwambie huyo daktari asitafute mwingine."

Sora alicheka, akajifunika uso kwa leso, akaendelea kucheka humo ndani hadi leso ikalowa.

Jenereta ilikuwa bado na mafuta kidogo. Msafara ulipoondoka, Tamar aliketi. Aliitwaa ile diski tupu ya Mukhtar na kuiandika programu ya kuamshia kwa amri yake, mlangoni hasa. Kisha akamwomba Bwana Isaac ile ya akiba. Akaijaribu mbele yake baada ya kuitengeneza, na alipoona inawaka akaizima, akaijaribu tena. Bwana Isaac alisema hata yeye alikuwa na wasiwasi nayo tangu mwanzo.

Kwa mara ya kwanza kituo kilikuwa na diski tatu. Tamar alizipanga mezani. Ukweli mmoja ulikuwa unamsumbua, naye hakutaka kuutazama usoni: kama Jatani angesema hapana Ijumaa, diski ya kwanza ingekuwa hai, sawa, lakini ingekuwa bado ni moja, ndani ya kopo moja, ikisubiri sumaku yake. Hakuwa tayari kumwambia hivyo Jatani. Angeisikia hadithi ya ng'ombe hadi kustaafu.

Alimwita akampa ile ya Mukhtar. "Hii ndiyo ya kuazimisha. Mtu akiomba, mpe hii. Hizi nyingine, mtu akiomba, unasema hapana."

"Hapana," alirudia Jatani, kama mtu anayeonja embe bichi.

"Tena."

"Hapana." Akaigeuza diski mkononi. "Na hii ikizaa huko kwa watu, ndama ni wa nani?"

"Wetu."

Jatani alitikisa kichwa kwa kuridhika. Tamar aliziviringisha zile mbili kwenye nailoni, akageuka kwenye kabati azirudishe mahali pake. Rafu ilikuwa tupu. Akatazama juu ya meza, chini ya meza, nyuma ya mlango.

"Mzee Jatani. Kopo liko wapi?"

Jatani alirudisha mswaki mdomoni. Alitazama upande wa barabara, ambako vumbi la msafara lilikuwa limekwisha kutua.

"Abdia wa mkahawani," alisema hatimaye, "hakuwa na cha kuwekea sukari."

Tamar alivuta pumzi. Hamna neno lilikuja lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi, likasimama hapo, likipiga hodi. Hakulifungulia. Alijifunga leso kiunoni, akashika njia ya mkahawani.